Mawe ya Sigalame na Mali ya Mayatima



Ndugu msomaji, juma hili sikuletei mawaidha ya mimbarini. Nakuletea habari ya safari niliyoifanya baada ya mvua za vuli, kutoka Mombasa hadi Sigalame, katika nchi ya Wasamia, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Nilikwenda kugawa mirathi, nikarudi nimesomeshwa habari za mawe. Naona mambo hayo mawili yana uhusiano, na ndiyo sababu ya kuandika.

Safari ilianza kwa simu. Aliyenipigia alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, aliyesoma kwangu akiwa mtoto, wakati baba yake alipokuwa akifanya kazi bandarini. Mzee alipostaafu, jamaa wote walirudi kwao Sigalame. Mzee akafariki. Kabla shamba lake halijagawanywa, mwanawe mkubwa naye akafariki, akaacha mjane na watoto watatu, wawili kati yao hawajabaleghe. Basi ikawa mirathi ndani ya mirathi, jambo ambalo wanafunzi wa fani ya faraidhi wanajua jinsi linavyomtoa mtu jasho.

Lakini hilo halikuwa lililomsumbua. Watu wawili wasiojulikana walikuja na gari, wakatembea katika mteremko ulio juu ya nyumba, wakavunjavunja mawe kwa nyundo, wakaondoka na mfuko. Baada ya siku chache walirudi na fedha. Walitaka kukodi ekari mbili za mteremko ule kwa miaka kumi ili, kwa maneno yao, wachimbe kidogo. Kwa mkulima wa muhogo na mtama, fedha ile ilikuwa nyingi. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

"Maalim, njoo utugawie," akaniambia.

Nikamjibu kwamba mafungu si ya kubuniwa na mimi, yamekwisha wekwa. Mama wa marehemu ana fungu lake, mjane ana lake, na watoto wana lao. Kazi iliyopo ni kukijua kinachogawanywa. "Je, mwanangu, shamba hilo lina nini ndani yake?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, ndilo swali tunalokuitia."

Nikaona haya. Nimesomesha mlango wa biashara kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka nimewaambia wanafunzi kwamba haifai kuuza samaki aliye baharini wala ndege aliye angani, kwa kuwa anayeuza na anayenunua hawajui wanachobadilishana. Hiyo ndiyo gharari. Na sasa naulizwa habari ya kilichomo tumboni mwa kilima, nami sijui kutofautisha jiwe na jiwe. Kwa hiyo, kabla ya kusafiri nilimwendea kijana mmoja wa mtaani petu aliyesomea jiolojia, yaani elimu ya miamba, katika chuo kikuu. Tulikaa barazani kwake jioni mbili baada ya swala ya Isha, naye akanichorea njia yangu yote kwenye karatasi na kuniandikia umri wa kila nchi nitakayoipita. Karatasi ile nilikuwa nayo mfukoni njia nzima.

Alianza na pale tulipokuwa tumeketi. Kisiwa chetu cha Mombasa kimesimama juu ya matumbawe, na Ngome ya Yesu yenyewe imejengwa juu ya mwamba huo na kwa mawe yake. Matumbawe hayo ni kazi ya viumbe vya baharini wakati maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko leo, na umri wake huhesabiwa kwa laki za miaka. Mimi niliona hiyo ni dahari. Kijana akacheka kwa adabu, akasema, "Sheikh, hayo ni mawe ya jana."

Nilipanda gari la moshi. Tulipofika Mariakani nikatazama nje, nikaona mchanga uliogeuka mwamba, ambao karatasi yangu iliuandikia zaidi ya miaka milioni 200. Tukaingia Tsavo, ambako miamba ni ya kale zaidi, mawe yaliyopikwa na kukandwa ndani ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na kando yake nikauona mgongo mrefu wa Yatta, ambao ni volkeno iliyomiminika na kuganda kwa urefu wa karibu kilomita 300. Kisha Nairobi, mji uliokaa juu ya volkeno changa, na baada ya Nairobi Bonde la Ufa, ambako ardhi bado inapasuka na mvuke bado unatoka. Nilidhani kwamba kadiri nitakavyokwenda mbali na bahari ndivyo nitakavyokwenda mbali katika wakati. Haikuwa hivyo. Safari ilizama, ikaibuka, kisha ikazama tena.

Ilizama mara ya mwisho baada ya Kisumu. Basi la usiku lilitufikisha Maseno kukipambazuka, hapo ambapo barabara inavuka mstari wa ikweta, na pande zote mbili nikaona majabali ya matale, makubwa kama nyumba, yamepandana kana kwamba mtu aliyapanga akayaacha. Hayo yalikuwa yameyeyuka chini ya ardhi, yakapanda kama uji wa moto na kuganda kabla hayajafika juu. Mvua na jua la vizazi visivyohesabika vimeyaondolea udongo uliokuwa umeyafunika. Tukapita Luanda, Yala na Ugunja, na hapo Bumala nikashuka, nikachukua gari dogo kuelekea upande wa ziwa, hadi Sigalame.

Msomaji wa pwani aliyezoea kusikia Busia na Malaba huwaza foleni za malori, ushuru na wabadilishaji fedha. Sigalame si hivyo. Ni soko la wastani na maduka yake, na nyuma ya maduka kuna vilima. Vilima vya Samia si virefu, lakini ukiviona unajua kwamba havikuja kwa bahati nasibu. Vimekaa kwa safu, kama mbavu za ng'ombe mzee. Udongo wa chini yake ni mwekundu, na ukishika viatu hautoki upesi.

Nilipokewa na mama mzee, mjane wa marehemu, ambaye wajukuu wake humwita Kukhu, kwa lugha yao. Ukoo wao uliupata Uislamu kwa njia ya Mumias. Huko ndiko misafara ya Waswahili ilikokuwa ikituama karne ya 19, na wazee wetu walipokewa na Nabongo Mumia na waliomtangulia, wakaacha dini na lugha. Kwa hiyo nilipomwamkia Kukhu shikamoo, aliitikia marahaba kwa lafudhi ambayo babu yangu angeitambua.

Wakati wa Alasiri ulipoingia nilipanda mteremkoni pamoja na mwanafunzi wangu ili tuyaone mahali palipotajwa, tukakusudia kuswali huko huko. Nikatoa dira ndogo niliyoinunua Makka. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini takriban moja kwa moja; kwa Sigalame, iliyo magharibi zaidi, kinapinda kidogo kuelekea mashariki. Niliiweka dira juu ya jabali. Mshale ukageuka, ukasita, ukaelekea upande usiofaa. Nikasogea hatua tatu, ukaelekea kwingine. Nikaitikisa, nikidhani imeharibika.

"Maalim, ni mawe," akasema mwanafunzi wangu. "Hata simu hupotea hapa."

Nikaliangalia jua, nikakumbuka kwamba mwezi ule huzama likiwa limeelemea kusini, nikakadiria, tukaswali. Baada ya swala niliokota jiwe moja lililovunjwa na wale wageni. Lilinishangaza kwa uzito wake. Ndani lilikuwa na mistari, mwekundu, mweusi, wa kijivu, kisha mwekundu tena, mingine myembamba kama ukurasa. Karatasi yangu ilisema: mwamba wa chuma wenye mistari, karibu miaka bilioni 2.7.

Naomba univumilie hapa, kwa kuwa jambo hili linastahiki. Ardhi yote, wanasema wataalamu, ina umri wa miaka bilioni nne na nusu. Basi jiwe lile lilizaliwa ardhi ikiwa bado haijafika nusu ya umri wake wa leo. Wakati ule hapakuwa na mti, samaki wala mdudu. Mahali pa Samia palikuwa chini ya bahari, na volkeno zilimiminika humo humo majini. Maji ya bahari hiyo yalikuwa na chuma kilichoyeyuka, kama chumvi inavyoyeyuka, kwa sababu hewa haikuwa na oksijeni ya kukishika kutu. Kisha, kwa kauli ya wengi wa wanajiolojia, viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho vikaanza kutoa oksijeni kwa nguvu ya mwanga wa jua. Oksijeni ikakutana na chuma, chuma kikashika kutu, kikazama chini. Kikaja kipindi kingine, ikazama silika, ambayo ndiyo aina ya mchanga mweupe. Ikawa tabaka la chuma na tabaka la silika, moja juu ya jingine, kwa muda ambao akili haiwezi kuushika. Baadaye ardhi ikavikunja vitanda hivyo na kuvisimamisha wima. Miamba laini iliyokuwa kando ikaliwa na mvua. Huo wa chuma ukakataa kuliwa. Ndiyo maana vilima vya Samia vimekaa kwa safu: ni mbavu zilizobaki baada ya nyama kuondoka.

Sehemu ya chuma hicho ni ile iitwayo magnetiti, ambayo huvuta sumaku. Hiyo ndiyo iliyoipotosha dira yangu.

Miamba ya namna hii haikukoma Samia. Inavuka Mto Sio, ambao ndio mpaka wa Kenya na Uganda katika sehemu hii, inaendelea ng'ambo, kama vile Wasamia wenyewe walivyo pande zote mbili. Kusini inaonekana tena Migori, na huko Tanzania iko Geita, ambako dhahabu huchimbwa ndani ya mwamba wa chuma wenye mistari. Jamaa wote hao ni wa ukingo wa bara moja la kale sana, ambalo sehemu yake kubwa iko Tanzania. Mpaka uliowekwa na watawala ni wa miaka mia moja na ushei, mwamba haukuulizwa.

Tuliporudi nyumbani nikamweleza Kukhu yote hayo kwa furaha ya mwanafunzi aliyejifunza jana. Alinisikiliza, kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa bapa la jembe la zamani, limelika, lina umbo la jani pana, limepigwa kwa nyundo wala si kwa mashine.

"Hili ni katika mahari aliyotolewa bibi yake mume wangu," akasema. "Hili ndilo lililomleta hapa nyumbani. Sheikh, sisi tulijua kwamba mlima ni chuma kabla ya hao wenye magari."

Akamwamuru mjukuu anipeleke chini ya shamba, karibu na kijito. Huko, kati ya mashina ya muhogo, kulikuwa na vipande vyeusi vyenye matundu, kama sifongo iliyogeuka jiwe. Ni taka za chuma. Hapo walikuwa wahunzi.

Wasamia walikuwa mabingwa wa kazi hiyo katika upande wote huo wa ziwa. Waliokota na kuchimba mawe mazito ya kilimani, wakayavunja, wakayapanga na makaa ndani ya tanuri la udongo, wakavuvia kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo mpaka chuma kikaachana na takataka zake. Donge lililopatikana lilipelekwa kwa mfua majembe. Majembe ya Samia yalikwenda kwa Wajaluo, kwa Waluhya wengine na kuvuka upande wa Uganda. Yalilima, yalinunua mbuzi na nafaka, na yaliolea wake. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yakaja kwa bei rahisi, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine.

Msomaji asidhani kwamba hadithi hiyo ni ya watu wa bara peke yao. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 huko Sisilia, aliitaja Malindi kuwa mji wenye machimbo ya chuma na biashara yake. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba ameandika kwa urefu juu ya wahunzi wa pwani yetu, na mabaki ya kazi yao yamepatikana hata Galu, jirani ya Diani. Sisi tumebaki na majina ya mahodari wa bahari na wa mashairi. Wahunzi tumewasahau, ilhali pasi na msumari na shoka hakuna jahazi. Na katika Kitabu chetu iko sura nzima iliyopewa jina la chuma, nayo ni ya 57.

Siku ya pili tuliketi na karatasi. Kwanza nilitaka kujua wale wageni wanatafuta nini, kwa kuwa chuma cha mteremko wa ekari mbili hakiwezi kumletea mtu faida ya kufukuza gari. Jibu lilikuwa dhahiri kwa kila mtu isipokuwa mimi: dhahabu. Ndani ya miamba hii ya kale, maji ya moto yaliyopita katika nyufa yaliacha mishipa ya mawe meupe ya kwatzi, na baadhi ya mishipa hiyo ina chembe za dhahabu. Ng'ambo ya mpaka, Tiira, watu wanachimba. Upande wa Kenya pia, kuanzia Busia hadi Siaya na Kakamega, mashimo yamezidi.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega na mlowezi aitwaye L. A. Johnson, na wazungu wakamiminika. Wakati huo kulikuwa na sheria ya mwaka 1930 iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ikichukuliwa, watapewa nyingine ya kulingana nayo. Ilipoonekana dhahabu, mwaka 1932 sheria ile ikarekebishwa ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji kwa malipo ya fedha tu, bila ardhi badala yake. Ahadi ilidumu miaka miwili. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Dhahabu ilikwenda, mashimo yakabaki.

Leo sheria ni nyingine, na niliwaeleza wenyeji wangu kama nilivyoelezwa mimi na wajuzi. Kwa Katiba ya 2010, madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma, yanashikwa na serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, anayetaka kutafuta madini katika shamba la mtu lazima apate idhini ya mwenye shamba na kibali cha serikali. Mrabaha ukilipwa, asilimia 70 ni ya serikali ya taifa, 20 ni ya kaunti na 10 ni ya jamii ya mahali pale. Wanazuoni wetu nao wana kauli zao: kwa madhehebu yetu ya Shafi, madini yaliyomo katika milki ya mtu hufuata milki hiyo, na kauli mashuhuri kwa Wamaliki ni kwamba amri yake iko kwa kiongozi. Kwa hiyo haipaswi kushangaza kwamba nchi imechagua mojawapo ya njia hizo.

Basi wale wageni walikuwa wakinunua nini? Si dhahabu, kwa kuwa si ya jamaa hawa kuiuza. Walikuwa wakinunua kimya: ruhusa ya kuingia bila kibali, bila kipimo, na bila mtu kuuliza nani atafukia shimo.

Siku ya tatu mmoja wao alikuja. Alikuwa mtu mpole, akanisalimu kwa heshima. Nikamuuliza mambo matatu. Je, ana kibali? Akasema kitafuata. Je, mawe aliyoyachukua yamepimwa, na majibu yako wapi? Akasema hayo ni siri ya kazi. Je, mashimo yatafukiwa na nani? Akatabasamu, akasema mvua itayafukia.

Alipoondoka, nikawaambia jamaa kwamba sioni njia. Fungu la mayatima ni amana, na wasii hana ruhusa kulitoa ila kwa maslaha yao yaliyo wazi. Hapa upande mmoja unajua kilichomo ardhini na umekificha, upande wa pili haujui, na kinachowekwa rehani ni mteremko unaoshika udongo wa shamba lote. Ukichimbwa, mvua itauleta udongo chini kwenye kijito, pamoja na zebaki wanayotumia kunasia dhahabu. Zebaki ikichomwa, mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu, na ikiingia majini hufika katika samaki, ikamdhuru zaidi mtoto mchanga na aliye tumboni. Na mashimo yenyewe huua. Desemba 2021, mgodi wa Abimbo huko Bondo uliporomoka ukawafunika wachimbaji.

Nilidhani nimemaliza. Mjane wa yule ndugu, ambaye alikuwa ameketi kimya mlangoni siku zote tatu, akasema, "Maalim, yote uliyosema ni kweli. Lakini mkubwa wangu ameitwa shule ya upili mwezi ujao. Mawe hayalipi karo, na hadhari yako nayo hailipi."

Sikuwa na jibu. Nakiri hivyo mbele yako, msomaji, kwa kuwa sisi watu wa mimbari tumezoea kuondoka tukiwa na neno la mwisho. Kumkataza mtu jambo ni sehemu nyepesi ya fatwa. Sehemu nzito ni kumwonesha pa kupitia, na mimi nilikuwa nimeibeba ile nyepesi tu. Yatima halindwi kwa kufungiwa mlango wa haramu peke yake, ikiwa mlango wa halali nao umefungwa kwa ufukara.

Tukakaa tena, safari hii na yeye ndani ya kikao. Ami wa watoto akajifunga kulipa nusu ya karo kutoka mazao yake, na ikaandikwa. Kukhu akatoa fungu lake mwenyewe la ekari ya bondeni, ambayo ni tambarare na ina maji, ikodishwe kwa jirani anayelima mboga, kwa mwaka mmoja mmoja, karo itoke humo. Hicho ni kitu kinachojulikana: ukubwa wake unaonekana, mazao yake yanaonekana, na mwisho wa mwaka ardhi inarudi ikiwa ardhi. Mteremko ukabaki wa mayatima pamoja na wenzao, bila kuguswa, mpaka wabaleghe wajiamulie. Ikiwa siku hiyo watataka kuchimba, na wachimbe kwa kibali, kwa kipimo kilichosomwa mbele yao, na watoe zaka yake. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, ni robo ya ushuri, yaani mbili na nusu kwa mia, dhahabu ikifikia nisabu ya mithqali ishirini, bila kungoja mwaka.

Siku ya mwisho tulipima na kuweka mipaka. Mwanafunzi wangu alipendekeza vigingi vya mti. Kukhu akakataa, akasema mchwa watavila kabla watoto hawajaota ndevu. Akaagiza mawe ya kilimani, yale mazito yenye mistari. Vijana wanne walihangaika kuviringisha kila moja mpaka mahali pake, na tukaliandika daftarini: jiwe la kwanza kando ya mwembe, la pili kwenye kijito, la tatu juu penye jabali. Nakala moja itapelekwa kwa Kadhi.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu alinipigia simu. Jirani wa upande wa juu amewakubali wale wageni. Nyumba yake sasa ina mabati mapya, nami nimefurahi kwa ajili yake. Na nyuma ya nyumba kuna mashimo mawili ambayo usiku hayaonekani, naye amewakataza watoto wasipite huko. Mtoto wa marehemu yuko shuleni. Karo ya muhula wa kwanza imelipwa. Ya pili bado inatafutwa, na atakayependa kushiriki thawabu hiyo anajua pa kunipata baada ya swala ya Ijumaa.

Nimeweka kipande kimoja cha jiwe lile juu ya meza yangu ya kusomeshea. Wanafunzi wadogo hulinyanyua na kushangaa uzito wake. Nawaambia wahesabu mistari, na hakuna aliyefika mwisho.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum.